Alama Ndogo ya Kooni

Siku moja ninayoikumbuka sana, mwanangu, ilianza na kialama kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa msichana, nimefika Gaithersburg, huku Marekani, majuzi tu, na kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee wakati mwanawe yuko kazini. Mama huyo alitoka milima ya Garo, kaskazini-mashariki mwa India, karibu na mpaka wa Bangladesh. Tulizoeana upesi, maana Kiingereza chetu kilikuwa kibovu sawasawa.

Asubuhi hiyo alikuwa akimwandikia dada yake. Nikachungulia; udadisi nilizaliwa nao. Herufi zote nilizijua, ni hizi hizi zetu, ila katikati ya maneno palikuwa na alama ndogo, kama inzi katua. Kuuliza si ujinga, nikauliza.

Akavichukua vidole vyangu akaviweka kooni pake. Akatamka neno, na pumzi ikakatika ghafla chini ya vidole.

"Hiyo ndiyo raka," akasema. "Ukiiacha, neno linaweza kugeuka jingine."

Lugha yenyewe ni Kiatong. Waatong huhesabiwa kuwa ni Wagaro, kwa hiyo shuleni na kanisani husikia zaidi Kigaro, na cha kwao hubaki jikoni. Basi mimi, mjuaji wa siku zile, nikasema, "Kumbe ni kilugha tu, kama Kisukuma chetu. Hakiandikwi."

"Nani kakwambia?"

Nikatafuta jina la mtu, nikalikosa.

"Mama yako unamwandikia kwa lugha gani?"

Hapo alinigusa kidonda. Mama yangu alikuwa Shinyanga, na kusoma alikujua kwa elimu ya watu wazima. Nilikuwa namtumia ujumbe wa Kiswahili fasaha, na kila mara alijibu neno moja: "Nimepata." Niliumia sana. Niliamini ana kinyongo kwa kuwa nilimwacha.

"Kwa Kiswahili," nikajibu.

"Na mkiwa wawili jikoni?"

"Kisukuma," nikakiri. Akanihurumia, akasema, "Binti, hata mimi dada yangu nilimwandikia Kigaro miaka na miaka. Akawa ananijibu kama anamjibu mchungaji."

Jioni nikashika simu. Mwenzangu wa chumba, Mkenya wa Nakuru, akacheka: "Wee! Hiyo Kisukuma uta-spell aje?" Sikujua. Nikaandika kama ninavyosikia: *Mwangaluka, mayu*. Ni shikamoo ya asubuhi, mama, maana angeusoma kukicha. Nilipofika kwenye *ng'wana*, yaani mtoto, kidole kikasita. Kumbe na sisi tuna kialama chetu, kile kile cha ng'ombe, na siku zote nilikiruka kwa uvivu! Nikakiweka. Nikatuma.

Safari hii "Nimepata" haikuja. Mama alipiga simu, yeye aliyekuwa bahili wa vocha kuliko wote ukoo mzima. Akaniambia kwa Kisukuma, "Kumbe ni wewe? Siku zote nilidhani umeajiri karani."

Nilicheka huku nalia. Hakuwa na kinyongo chochote. Alikuwa akimjibu karani.

Sasa wewe, mwanangu, nikikusemesha unaelewa vizuri tu, kisha unanijibu, "I know, Mom." Sikugombezi. Kiingereza kishike, kinakulisha. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Niandikie hata kwa makosa. Makosa yako nitayajua kuwa ni yako. Na ukikutana na mtu mwenye lugha usiyoijua, usiiite kilugha. Muulize inaandikwaje, na kama ina alama ndogo, muulize inakaa wapi mwilini. Utajifunza ya kwake, na pengine utagundua ya kwenu.

Mungu akulinde huko barabarani na huko kazini. Akupe wa kukuandikia siku zote, na popote utakapokuwa, ujumbe wako ukifika nyumbani, mama yako asidhani umeajiri karani. Amina.