Watoto Wasiotoka Jasho

Mpaka nafikisha miaka kumi na mitatu nilikuwa nimetibiwa malaria mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote kijijini, na kijiji chetu kiko juu kabisa, upande wa Rangwi, ambako mbu akifika anakufa kwa baridi. Hilo halikumsumbua mtu. Mtoto akichemka mwili, ni malaria. Mimi na mdogo wangu tulichemka kila tulipokimbia, kila tulipolima jua likiwaka, na kila padri alipokuwa na mengi ya kusema wakati kanisa limejaa. Mama alitupeleka zahanati, nesi akatushika shingo, tukapewa vidonge. Tulikuwa tunavijua kwa rangi.

Tulizaliwa wawili tu, wavulana, tumepishana miaka miwili. Ungetuona ungedhani tumetoka kwenye kiwanda kilichoishiwa vifaa. Nywele zetu zilikuwa chache na laini kama ndevu za mahindi. Nyusi hatukuwa nazo kabisa. Mimi nilikuwa na meno manne, mdogo wangu mawili, yote ya juu, yote yamechongoka kama misumari. Shuleni mimi niliitwa Babu. Mdogo wangu alipoitwa hivyo alimng'ata mwenye kuita, na kuanzia siku hiyo akawa Popo. Chakula cha kwetu ni makande, na mtu asiye na magego mbele ya mahindi makavu hana la kufanya ila kumeza. Tulimeza. Yalivyoingia ndivyo yalivyotoka, na sitaeleza zaidi.

Dada mkubwa wa baba, shangazi yetu, alikuwa na maelezo yake. "Kwetu hatujawahi kuzaa vibogoyo," alisema kila alipotutembelea, na alitutembelea sana. "Hii imeletwa." Aliyeileta alikuwa mama, aliyekaa pale pale akimmiminia chai. Baba naye aliinuka kwenda kumwangalia ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, na nadhani hakuna ng'ombe Usambara nzima aliyeangaliwa kama yule.

Mdogo wangu alipokuwa darasa la tano alichaguliwa timu ya mpira ya shule, nao wakashuka Mombo kucheza. Mombo iko chini, tambarare, na jua lake linakaanga. Mimi nilikwenda kushangilia. Kabla ya mapumziko niliona mdogo wangu amechukua mpira na kukimbilia goli letu wenyewe. Akafunga. Wenzake walikuwa bado wanamtukana alipoanguka na kuanza kutetemeka, macho yamegeuka. Nilipomshika alikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Ana mashetani huyu," mtu mmoja alisema.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza maji ya baridi hakusubiri mashetani yatajwe majina. Alimmwagia ndoo nzima, akamwagia na ya pili, na mdogo wangu akafumbua macho akauliza nani kashinda.

Kituo cha afya walimpima malaria. Hana. Wakampima tena. Hana. Walimpima mara ya tatu, kana kwamba malaria ilikuwa imetoka kidogo na ingerudi. Mwisho wakamtundikia dripu wakasema ni malaria iliyojificha.

Mama aliamua kuachana na homa. Meno, alisema, angalau yanaonekana, au hayaonekani. Aliposikia kuna daktari wa meno amekuja Lushoto mjini kwa siku chache, alituvalisha nguo za kanisani akatupeleka. Daktari alikuwa dada mdogo wa umri, mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea vibogoyo wangu."

Daktari alitutazama mdomoni. Kisha, badala ya kuchukua koleo, akatutazama nywele, akatushika ngozi ya mikono.

"Mama, hawa wakicheza wanatoka jasho?"

Mama alicheka. Halafu kicheko kikakatika. "Sijawahi kufua shati lao likanuka," alisema taratibu. "Nilidhani nimejaliwa watoto wasafi."

Ugonjwa wetu una jina refu ambalo mpaka leo nalisoma kwenye karatasi. Daktari alieleza kwa lugha ya kawaida: tumezaliwa bila tezi za jasho, mwili ukipata joto hauna njia ya kulitoa, na nywele na meno yana asili hiyo hiyo. Hatukuwahi kuwa na malaria. Tulikuwa tunahitaji maji ya kujimwagia. Kisha akamwomba mama naye afungue mdomo. Mama alikuwa na mapengo mawili, na siku zote alituambia kwamba meno hayo yaling'olewa.

"Haya yalitoka lini, mama?"

Mama alifunga mdomo, akaangalia ukuta. "Hayakuota."

Daktari akaeleza tena, polepole zaidi: mama anaubeba bila kuumwa sana, mtoto wa kiume akiurithi anaupata mzima. Si kosa la mtu.

"Kwa hiyo wifi yangu alisema kweli," mama alisema.

"Wifi yako alisema nini?"

Mama akaonyesha kwa kidole barua ya rufaa aliyokuwa akiandikiwa. "Mwanangu, hapo nakuomba usiandike ugonjwa umetoka upande gani." Ndipo akalia, na sisi hatukujua mtu hufanya nini mama yake akilia. Mdogo wangu alimwazima leso yake.

Baba aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja. "Basi si malaria," alisema, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Rufaa ilikuwa ya Dar es Salaam. Nani aliamua kwamba watu wanaokufa kwa joto wakatibiwe Dar, sijui. Mama alitufunga khanga mbichi kama maiti wawili wa Kiislamu, sisi Wakatoliki, akasafiri na dumu la maji miguuni. Safari ya kwanza faili halikuonekana. Ya pili mtaalamu alikuwa semina. Ya tatu tulifika mpaka dirisha la bima, na kijana wa dirishani akatuambia bila kuinua macho kwamba meno ya bandia kwa mtoto ni urembo, na bima hailipii urembo.

Mama hakupiga kelele. Alifungua chombo chetu cha chakula, akaweka makande mbele ya yule kijana, juu ya karatasi zake.

"Nionyeshe," alisema. "Uyale bila kutumia meno."

"Mama, tafadhali."

"Wanangu wanafanya hivyo kila siku. Kula."

Foleni nzima ilijisogeza kuona. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Kula basi, tunachelewa." Kijana alimwita bosi wake, na bosi alikataa vilevile, ila kwa adabu. Lakini mkuu wa kliniki ya meno alikuwa akipita, akasimama, akauliza kuna nini. Yeye ndiye aliyesema tunaweza kutengenezewa meno na wanafunzi wake, wapate kujifunza. Basi tukawa somo. Wanafunzi sita kwa zamu walituingiza vidole mdomoni, na Popo hakuwasamehe wote.

Tuliporudi na meno shangazi alifika siku hiyo hiyo. Mama alimmiminia chai, akakaa.

"Wifi, ulisema kweli. Ugonjwa umetoka kwangu. Mimi mwenyewe meno mawili hayakuota."

Shangazi alikuwa ameusubiri ushindi huo miaka mingi. Ulipoletwa mezani hakujua aushike wapi. Alizungusha kikombe. "Sasa," alisema, "wanaweza kula mahindi ya kuchoma?" Mama akasema wanaweza. Kesho yake shangazi akatuma kikapu cha mahindi.

Sasa nalima chai upande wa Mponde, ndani ya ukungu, kazi inayonifaa kuliko zote. Meno nimeshabadilisha mara kadhaa, na kila mara kuna mtu dirishani wa kuniambia ni urembo. Mdogo wangu anatengeneza pikipiki Lushoto mjini, shati limelowa maji saa zote. Ana mke na binti wa mwaka mmoja na nusu mwenye jino moja. Daktari alishatueleza kwamba binti wa mmoja wetu lazima ataubeba ugonjwa. Wiki iliyopita nesi alimwambia mdogo wangu asubiri, watoto wengine huchelewa kuota meno. Mdogo wangu alivuta kiti akakaa, akamweka mtoto magotini, akasema atasubiri hapo hapo mpaka barua ya rufaa iandikwe. Nesi aliiandika kabla ya saa sita.