Jiwe Nyuma ya Tairi

Ipo siku moja naikumbuka kila mvua inapoanza kunyesha hapa Magamba. Pikapu yetu ilikuwa imekwama katikati ya kilima, tukitoka Ikola na tela la dagaa nyuma, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo mwekundu nikiegemeza jiwe nyuma ya tairi. Mume wangu, Baba Asha, alikuwa kwenye usukani. Basi la abiria lilisimama chini yetu likisubiri njia, na watu wakatoa vichwa madirishani kunitazama. Mmoja akauliza kama huyo mwanamke ameolewa au amekodiwa. Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikata shauri.

Mwanangu, mtoto wa dada yangu, umenipigia simu kuniuliza ununue pikapu gani ya kuvuta tela la mpunga kutoka Majimoto: ile inayosukumwa na tairi mbili za nyuma, au fowili, ambayo tairi zote nne zinavuta. Nilikuambia nitakujibu nikipata nafasi. Nafasi ninayo tele. Nyumba hii ina mtu mmoja. Nilichokuwa nakitafuta ni pa kuanzia.

Pikapu yetu ya kwanza ilikuwa ya tairi mbili. Kiangazi haikuwa na shida na mtu. Masika ndipo ilipotaka watu wawili: Baba Asha usukani, mimi utingo. Mlimani, gari likiishiwa nguvu na tela likianza kulivuta nyuma, aliita neno moja tu: "Jiwe!" Mimi nilikuwa nimesharuka chini. Nikishaegemeza, napiga bodi kwa kiganja, naye anapumzisha mguu. Jiwe lenyewe tuliliokota ufukweni Ikola, bapa upande mmoja, na lilisafiri chini ya kiti changu kama abiria.

Wanawake wanaoanika dagaa kule Ikola waliniita Mama Utingo. Wakituona tunafika matope matupu, waliuliza, "Mama Utingo, leo gari limewaleta au mmelileta?" Niliwajibu kwamba tulipokezana.

Kati ya kukwama na kukwamuka, tulizungumza. Huwezi kumkwepa mtu mliyekwama naye. Hata jina la binti yetu tulilichagua mle ndani, tairi likiwa limezama, mvua ikipiga bati la gari, tukisubiri dereva mwingine atokee atuvute. Wakati ule sikujua kwamba hayo nayo ni mapato ya safari.

Baada ya kicheko cha lile basi nilimwambia mume wangu kwamba nimechoka kulala na matope kwenye kucha, na kwamba mtoto anamjua bibi yake kuliko anavyonijua mimi. Nilitaka fowili. Yeye alisita. Alisema barabara mbaya ni ya miezi michache, na gari tunalijua. Nilimjibu kwamba kila mwenye kukaa kwenye usukani husema matope ni ya miezi michache, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuliuza ile pikapu, tukanunua fowili. Mnunuzi aliliona jiwe chini ya kiti akacheka, akanirudishia.

Mama mkwe alikuja kuliangalia gari jipya. Alilizunguka, akagusa tairi za mbele, kisha akaniuliza nitakaa wapi. Nikamwambia nitakaa nyumbani, gari hili halihitaji utingo. Akasema, "Nyie mmenunua tairi mbili za mbele, mmeuza mtu."

Niliona ni maneno ya kizamani.

Mwanzo ulikuwa mtamu, sitakuficha. Nililala kwenye godoro kavu. Nilifungua genge pale sokoni. Baba Asha alikwenda na kurudi upesi, na kiti changu kikajaa magunia. Lakini jioni akirudi, nilimuuliza habari za njia, akasema ni nzuri tu. Habari za Ikola, nzuri tu. Zamani tulikuwa tunajua wote wawili ni mti gani umeanguka na ni daraja gani limebomoka. Sasa yeye alikuwa na barabara yake, mimi nina genge langu, na katikati yetu sahani ya wali.

Masika yaliyofuata alipakia tela kuliko zamani. Fowili humfanya mtu asahau uzito. Chini ya kilima kile, madereva wa tairi mbili walikuwa wamesimama pamoja wakisubiri udongo ukauke kidogo. Aliwapita, akawapungia mkono. Alipovuka kona, ambako hawakuweza kumwona tena, klachi ikaungua. Tairi zote nne zikawa hazina kazi. Handbreki haikutosha kushika gari na tela. Kila alipolegeza mguu kwenye breki, mzigo ulianza kumrudisha kuelekea korongoni. Basi akabaki amekaa, amekanyaga breki kwa miguu yote miwili, hawezi kushuka kutafuta jiwe, na hakuna wa kumwekea. Asubuhi ikapita, jua likahamia upande wa pili, ndipo akatokea muuza mkaa anasukuma baiskeli, akategesha gogo nyuma ya tairi.

Alirudi nyumbani anachechemea. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto. Sikuuliza habari za njia. Akasema mwenyewe, "Mama Asha, gari lilipoanza kurudi niliita 'Jiwe!' Nimeshaita mara ya pili ndipo nikakumbuka nimekuja peke yangu."

Nilimwambia safari ijayo nitakwenda naye. Nilisema kwa moyo wangu wote. Lakini genge lilikuwa na wateja, mtoto alikuwa na shule, na yeye akapata kijana wa kumsaidia. Safari ijayo ikaendelea kuwa ijayo. Kisha maradhi yakamchukua, kitandani, na barabara haikuhusika. Asha ameolewa mbali. Fowili ipo hapo uani, kuku wanataga chini yake.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukitaka kubeba kiangazi tu, tairi mbili zinakutosha. Gari ni jepesi, halinywi mafuta sana, na lina vyuma vichache vya kuharibika. Mzigo wa tela upange uelekee mbele kidogo, ulalie kiungio, tairi za nyuma za gari zikamate ardhi. Ukizidisha, pua ya gari itainuka na usukani utakuwa mwepesi mno. Ukitaka kuingia mbugani masika, kwenye matope meusi, chukua fowili na usione aibu. Ila ujue kwamba tairi nne zinakusaidia kwenda, hazikusaidii kusimama. Kusimama ni breki, gia ndogo na mzigo wa kiasi.

Ukilichagua lolote kati ya hayo, usilichague kwa sababu litakuondolea haja ya mtu. Hilo ndilo kosa nililolifanya, na halina fundi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wenzako wakisubiri chini ya kilima, nawe simama, hata kama gari lako linaweza. Mkeo akitaka kwenda, mpe kiti. Akichoka, apumzike, kisha umuulize tena.

Jiwe la Ikola ninalo. Linazuia mlango wangu usipigwe na upepo. Njoo ulichukue, mlango nitautafutia kitu kingine. Mungu akupe mzigo unaolingana na nguvu zako, akufungulie njia masika na kiangazi, na siku utakapoita katikati ya kilima, akupe mtu wa kuitika.