Damu ya Masanja na madonge manne ya uzi wa pamba

Wakuu, poleni na mihangaiko. Anayenizidi umri humu shikamoo, ingawa sidhani kama yupo. Haya niliyaona mwenyewe, sitii chumvi.

Tuliokuwepo: mimi, mume wangu Baba Masanja, dada yake wifi Ngolo, mtoto wetu Masanja, na Bwana Deus wa maabara, mtu wa Bukoba.

Mama mkwe wangu, Mayu Mbuke, hakuwepo. Huyo ndiye habari yenyewe.

Miaka ya sabini, hospitali ya misheni, Shinyanga. Masanja alikuwa anavimba vidole, analia mpaka sauti inakauka.

Wifi akasema karogwa na Mayu Mbuke, mama yake mzazi mwenyewe, si mnaona macho yake mekundu?

Jamani, yule mama kapikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, macho yatakuwaje meupe? Lakini huku kwetu bikizee wa macho mekundu aliitwa mchawi, hakuwa salama. Akakimbilia kwa nduguze huko Didia.

Bwana Deus akapima damu, akasema ni selimundu.

Akatueleza, kuna mwanasayansi Ulaya alichukua kile kinachotia damu wekundu, akakigandisha kikawa vijiwe, akavipiga eksirei miaka na miaka mpaka akajua umbo lake.

Baba Masanja alikuwa kibarua wa machimbo ya almasi. "Vijiwe? Basi mtoto tusimtibu, tumchimbe!"

Tulicheka, hata Masanja.

Bwana Deus akaomba uzi wangu wa pamba, akaviringisha madonge manne, akayabana kiganjani. "Umbo ndilo hili. Kwa Masanja uzi una kasoro ndogo, basi madonge haya yanang'ang'aniana na mengine, chembe ya damu inapinda kama mundu. Karithi kwa baba na mama."

"Kwa mama tu, sema," wifi akadakia.

"Na kwa baba, dada. Kwenu."

Wifi akajitia kurekebisha kilemba.

Mume wangu akauliza taratibu, "Kwa hiyo mama yangu?"

"Hajaroga mtu. Labda kakurithisha tu, kama alivyokurithisha hiyo pua."

Kesho yake akaenda Didia kumrudisha mama yake.

Aliporudi, Mayu Mbuke aliyachukua yale madonge, akayafunga kwenye pindo la khanga. Wifi akija kutusalimia, anampa moja: "Shika, mwanangu, pengine na wewe unalo."

Masanja aliishi na maumivu yake mpaka akaota ndevu. Mayu tulimzika kwetu, si ugenini. Nikiona pamba imepasuka shambani namkumbuka.

Wenye mgonjwa, kapimeni damu kabla ya kutazama macho ya bibi yenu.

Wanaojua mambo ya damu, au mliomfahamu Bwana Deus, nisahihisheni nilipokosea. Pengine madonge hayakuwa manne.

Ila ya pua sijakosea.