Assistant Amenikatalia Zero

Leo assistant wa mahesabu, ule anafundisha pa nafasi ya professeur, amenikatalia zero.

Naibandika hii ku mulango ya home yetu ya banafunzi, ili kila mutu aisome mbele ya kwenda kula.

Munajua ile cours mupya ya sisi benye mahesabu ilitushinda ku secondaire. Haina tarehe ya examen. Unasoma sura kwa mwendo yako, ukijiona tayari unaenda kwa assistant kuulizwa. Ukikosa, unasoma tena, unarudi.

Mimi tangu mwanzo nilisema: hapa iko kitu banatuficha.

Basi tukafanya kama kawaida yetu. Tukatuma mwenzetu Bahati mbele, atutolee maulizo. Akatoka nayo yote, na majibu. Nikayashika kwa kichwa, nikaingia.

Nilijibu mbio mbio, bila hata kuandika.

Assistant akaniangalia.

«Citoyen, hayo ni majibu ya Bahati. Wewe nimekuuliza maulizo ingine.»

Nikangojea zero.

Hakukasirika hata kidogo. «Enda usome ma-fractions, zile nusu na robo. Utarudi ukiwa tayari.»

«Na zero yangu?»

«Hapa hatutoi zero.»

Sasa, mwalimu gani hana zero? Ameificha wapi? Kama naye alikukatalia, andika chini hapa, tujue tuko wangapi.

Mimi, juu kila mutu ako na maulizo yake, sina tena njia. Tangu nitoke kule niko nasoma ma-fractions, na zimeanza kuingia.

Nashuku njo ile alikuwa anatafuta.