Siku Niliyoibeba Hadubini Mgongoni

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilijiona mjuzi kuliko yeyote aliyewahi kuvaa koti jeupe kati ya Tinde na Shinyanga. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka tu kwenye kozi ya maabara, nikapangiwa kituo kidogo cha afya, na katika chumba changu kulikuwa na kitu kimoja tu cha maana: hadubini nyeusi ya jicho moja, ndani ya sanduku lake la mbao. Niliifuta kila asubuhi kabla hata sijanywa chai.

Haikutumia umeme, maana hata sisi wenyewe hatukuwa nao. Chini yake palikuwa na kioo kidogo cha duara. Unakigeuzageuza mpaka kinase mwanga wa anga la dirishani na kuupandisha juu, upite kwenye tone la damu, upite kwenye lenzi, ukufikie jichoni. Jua likihama, nami nahamisha meza. Mkufunzi wetu alitusimulia kwamba mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuwaona viumbe wadogo wasioonekana kwa macho matupu alikuwa muuza vitambaa wa Uholanzi, mtu aliyezoea kukagua nyuzi kwa lenzi, mpaka siku moja akalenga tone la maji. Muuza vitambaa, jamani, wala si daktari! Mimi niliyekulia kwenye mashamba ya pamba nilifurahi kana kwamba ni mjomba wangu.

Mkuu wa kituo, tuliyemwita bwana mganga, hakuwa na furaha hiyo. Kwake homa ilikuwa malaria, na malaria ilikuwa klorokwini. Wagonjwa walikuwa wengi, yeye alikuwa mmoja, na siwezi kumlaumu sana.

Ndipo akaja yule mwalimu. Alikuwa mgeni kutoka Kilimanjaro, amepangiwa shule ya kijiji kipya, ana mimba ya miezi mitano. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii aliilinda kwa kila hali. Homa ilimshika siku tatu nne, ikaisha, ikakaa kama wiki, ikarudi. Alikuja kwa miguu mara mbili, na mara zote mbili nilipima damu yake nisione kitu. Mara zote mbili bwana mganga aliandika klorokwini.

"Mdogo wangu, angalia vizuri," aliniambia ile mara ya pili, amejishika tumbo. "Hii nayo ikienda, sijui nitafanyaje."

Alikuwa amesindikizwa na bibi mwenye nyumba aliyopanga, mama mzee ambaye kila mtu alimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Hiyo ni homa ya ugeni," mayu alisema. "Hata mimi ilinishika nilipoletwa kuolewa. Atazoea."

"Na mimba, mayu?"

Uso wake ukakunjamana. "Mimi zilitoka mbili. Lakini hizo hazikwenda na homa. Hizo alizila mke mwenzangu kwa uchawi wake."

Mke mwenza huyo nilimjua. Walikuwa wajane wote wawili, na watu walipohamishiwa kijiji kipya walipewa viwanja vinavyotazamana. Hawakuwa wamesalimiana tangu enzi za Mwingereza.

Jioni nilikwenda zangu nyumbani nikiwa na hasira na hadubini, na hasira na mimi mwenyewe. Nikiwa natembea ndipo likanijia, nikasimama katikati ya njia kama aliyesahau kitu. Homa inayokwenda na kurudi! Kozini tulifundishwa juu ya homa ya papasi, wale kupe wa kwenye sakafu za udongo wanaouma watu waliolala. Vijidudu vyake huonekana kwenye damu wakati homa imepanda tu. Ikishuka, huvioni. Na mwalimu alikuwa akija kupimwa lini? Siku alizoweza kutembea! Siku ambazo homa imeshuka! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Siku iliyofuata nilikwenda kumwambia mayu anipashe habari homa ikipanda. Nilimuuliza kuhusu papasi. Akanijibu bila kificho kwamba aliwabeba mwenyewe kutoka boma la zamani, kwenye kibuyu chenye udongo, akawamwaga ndani ya nyumba mpya. Mama mkwe wake alimfundisha hivyo: papasi huzoesha damu, na nyumba isiyo na papasi wajukuu wake hawatakuwa na kinga. Watano aliowazaa baadaye walikua wazima.

Siku ya nne mayu akaja mbio asubuhi. "Imepanda. Hawezi hata kukaa."

Bwana mganga alikuwa amekwenda Shinyanga kuchukua dawa, na amri yake ilikuwa moja: hadubini haitoki chumbani. Nikaitoa. Kwenye baiskeli ingetikisika mpaka lenzi zilegee, kwa hiyo nililifunga sanduku mgongoni kwa khanga, nikatembea. Njiani akina mama walinisalimia, "Mwangaluka! Mtoto hajambo?" Nikaitikia kwamba hajambo, amelala.

Niliweka meza uani kwa mayu. Nikamtoboa mwalimu kidole, nikaweka tone bichi, lisilotiwa rangi, kwenye slaidi, nikalifunika kwa kioo chembamba, nikafungua mwanga wote. Hakuna kitu. Chembe nyekundu tu zimejaa, kimya. Kisha nikakumbuka: kitu kisicho na rangi hukioni kwa mwanga mwingi, kinamezwa. Nikaupunguza, polepole, polepole.

Chembe moja ikatikisika, na haikuwa na sababu ya kutikisika. Kisha ya jirani yake. Na katikati yake ukapita uzi mwembamba uliojisokota, unanyonganyonga, unazipiga vikumbo chembe za damu kama mtu mwenye haraka sokoni. Nilipiga kelele! Niliruka mpaka kuku wakatawanyika.

Nilipogeuka, bwana mganga alikuwa mlangoni mwa ua ameshika baiskeli. Alikuwa amerudi na lori, akakuta meza tupu, akanifuata.

"Binti, nani alikuruhusu?"

"Angalia kwanza, bwana mganga. Nifukuze baadaye."

Akainama. Akakaa humo muda mrefu. Aliponyanyuka hakunitazama, akafungua mfuko wake akatafuta penisilini.

Mayu akataka kuona. Nilimwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Akatazama, akashusha pumzi.

"Hawa ndio wanaotoka kwa papasi wangu?"

"Ndio, mayu."

"Na hawa hutoa mimba?"

"Wanaweza. Hasa kwa mgeni ambaye damu yake haijawazoea."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya njia, kwenye nyumba ya mke mwenzake.

"Mtoto huyu akikaa tumboni, nitajua zangu zilikwenda na nini," alisema.

Baada ya sindano mwalimu alitetemeka vibaya mno. Bwana mganga alikuwa ametuonya kwamba itakuwa hivyo, vijidudu vikifa homa hupanda kabla ya kushuka, lakini niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mayu alimshika miguu. Alasiri jasho likamtoka, akaomba uji.

Homa haikurudi. Mwalimu alihamia nyumba nyingine, mayu akakandika upya sakafu na kuta zake zote. Na tangu siku hiyo bwana mganga hakuandika dawa ya homa bila kuniuliza, "Umeangalia?"

Mtoto alizaliwa kituoni, msichana. Siku ya kuwarudisha nyumbani niliwasindikiza. Tulipopita kwa mayu, alitoka akamchukua mtoto, akavuka njia, akaingia ua wa mke mwenzake bila hodi. Yule mzee alikuwa akipepeta mtama. Mayu akampakatisha mtoto.

"Kumbe hukuwa wewe," alimwambia.

Mwenzake alimweka mtoto vizuri mapajani. "Nilikwambia tangu siku ile," akajibu.

Kisha akasogeza kigoda, mayu akakaa.