Bosi Avua Gauni Ukaguzini

Tangu alfajiri dobi hakutulia hata dakika moja. Alikuwa kiguu na njia baina ya chumbani na sebuleni, mara aangalie kama pasi imechomolewa, mara afungue mkoba ahakikishe hati ya mahakama ya kumlea mtoto imo. Imo. Alishaikuta humo mara sita, na bado alikwenda kuitazama ya saba.

"Utaichakaza kabla haijasomwa," mumewe alimtania. "Hebu kaa unywe chai."

"Chai itapita wapi na roho iko kooni?"

Si safari ya ndege iliyomtisha. Miaka kumi na saba alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi, mvuke usoni, akinyoosha kola za watu wasiomjua. Saa mbili za angani kwenda kumwona mama yake angezimudu hata kwa kusimama. Aliyemkosesha raha ni mtoto. Walikuwa wamemchukua kutoka kituo cha watoto yatima miezi mitatu tu iliyopita, binti wa miaka minne, mpole kupita kiasi: haombi, halii, haulizi. Mume alimpachika jina la Bosi, kwa kuwa humtazama mtu kama anayekagua kazi yake. Naye Bosi alimwita dobi Mama Pasi. Siku ya kwanza dobi alifurahi nusura aruke, mpaka alipogundua kwamba kule kituoni kila mwanamke ni mama: Mama Jikoni, Mama Dawa, Mama Usiku. Mama ni kazi tu, na zamu ikiisha mama huenda zake. Yeye alitaka mtoto ajue kwamba hii si zamu, na hakujua aseme neno gani limwingie.

Waliondoka wawili tu, mume akabaki kazini. Uwanja wa ndege ulikuwa na foleni ndefu na haraka nyingi. Bosi alifuata nyuma, ameshika pindo la sketi ya dobi. Kwenye ukaguzi walimkuta mwanamke mwenye sauti iliyozoea kutiiwa.

"Viatu, sweta, mikanda, vyote kwenye trei! Mama, tangulia. Mtoto atafuata."

"Bado mgeni kwangu, dada. Niache nipite naye."

"Mmoja mmoja, mama. Lango halina meno."

Dobi akamvua Bosi viatu, akavua vyake, akapita. Lango halikulia. Akageuka amwite mtoto.

Bosi alikuwa ameshavua sweta. Sasa akavua na gauni, akalikunja mara nne, ncha kwa ncha, akaliweka kwenye trei na kulilaza kwa kiganja. Akabaki na fulana na kaptula ya ndani mbele ya foleni nzima. Watu wakacheka. Jamaa mmoja akasema, "Huyu ndiye abiria anayefuata maagizo!"

Dobi hakucheka. Siku waliyokwenda kumchukua alikuwa ameyaona hayohayo: nguo za kituo hubaki kituoni, na mtoto anayeondoka huvua, hukunja, hurudisha. Hakuna aliyemwamuru siku ile, na hakuna aliyemwamuru leo. Bosi aliona mama yuko ng'ambo ya lango, nguo ziko kwenye trei, akajua ni yaleyale. Akainua mkono akapunga.

"Kwaheri, Mama Pasi," alisema, vizuri kabisa, bila chozi. Kisha akamgeukia mkaguzi, akampa mkono amchukue.

Dobi hakuomba ruhusa ya mtu. Alirudi mbio miguu mitupu, lango likapiga kelele kwa kupitwa kinyume, mkaguzi akafoka, "We mama! Huruhusiwi kurudi, we mama!" Na afoke mpaka achoke. Dobi alipiga magoti sakafuni mbele ya mtoto, akihema, machozi yanamtoka na hana habari nayo.

Bosi akamkodolea macho. Katika maisha yake mafupi hakuwahi kumwona mtu aliyeagwa akarudi.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Sijasahau kitu. Nimekufuata wewe."

Bosi akafikiri. Akaitazama trei, akamtazama mkaguzi, akauchomoa mkono wake taratibu kutoka mkononi mwa yule mwanamke.

"Basi nivalishe," akasema.