Kikombe Ambacho Mama Hakukionja

Harufu ya iliki inayochemka pamoja na majani ya chai hunisimamisha popote nilipo. Juzi ilinisimamisha katika msiba wa mama yangu mwenyewe. Wanawake wa mtaa walikuwa wamebandika sufuria kubwa uani, nami nimekaa mkekani na wafiwa wenzangu, kitenge kichwani, nikimsikiliza ndugu mmoja akisoma wasifu wa marehemu. Akasema Mama alikuwa mwanamke mpole na mtiifu, ambaye hakupata kumkatalia mtu jambo maishani mwake. Mvuke wa chai ukanifikia palepale. Nikainua kichwa. Sikusema kitu, maana mfiwa hamsahihishi msomaji mbele ya jeneza, na mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini wasifu ule haukuwa wa kweli. Kwa kuwa siku ile nilinyamaza, wacha niseme sasa, na ninyi mnaosoma muwe mashahidi wangu.

Tulikaa juu milimani, Upare wa kusini, mahali ambapo asubuhi ukungu ukishapanda unaiona Same chini kabisa, na reli, na tambarare lenye vumbi jekundu. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Baba alifanya kazi katika shamba la mkonge huko chini. Kila alipopanda mlima kuja kutuona alileta kifurushi kidogo cha karatasi, kimesokotwa kama pembe, na ndani yake majani ya chai. Mama aliyatunza majani yale kama mtu anavyotunza mbegu. Yakishachemshwa aliyachuja, akayaanika kwenye ungo, akayapika tena mara ya pili, na ya tatu, mpaka maji yakawa na rangi tu bila ladha. Hapo ndipo alipowapa kuku, na kuku nao waliyakataa.

Nilipokuwa na miaka minane, Baba alikufa kwa homa. Kifurushi cha mwisho kilitufikisha wiki mbili baada ya mazishi.

Mama hakutuambia kwamba chai imekwisha. Alitoka nje, akakata mchaichai uliokuwa ukiota pembeni mwa nyumba, akauchemsha kwenye chungu. Siku nyingine alitia tangawizi mbichi, aliyoiponda kwa jiwe. Siku nyingine alitia majani machanga ya mlimau, au mrehani, au vyote pamoja. Akatufanyia mchezo, mimi na mdogo wangu Naetwe. Tulikaa jikoni jioni tukisubiri magimbi yaive, tumefumba macho, naye akatunywesha kijiko kimoja kimoja.

"Sema. Hii na ile ya jana, ipi bora?"

Naetwe alikuwa na miaka minne na kila kitu kwake kilikuwa bora. Mimi nilianza hivyohivyo, nikisifu ili Mama afurahi. Siku moja nikaisifu chai ya majani ya mlimau ambayo ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Mama akaionja, akaitema majivuni, akanitazama.

"Ulimi haukuumbwa kumfurahisha mpishi," alisema. "Ukiniambia uongo, kesho nitapika uchungu huuhuu, na utaunywa wote."

Alinipikia kweli, nikaunywa wote. Tangu siku hiyo nilisema nilichoonja. Nikajua kwamba tangawizi ya karibu na mfereji ilikuwa kali lakini haina harufu, na ile ya kwenye mawe ilikuwa ndogo, imejikunja, lakini ilipasha moto kifua hadi mgongoni. Nikajua kwamba mchaichai wa asubuhi wenye umande ulikuwa mtamu kuliko wa mchana. Tulikuwa maskini, lakini ndimi zetu zilisoma.

Mwaka ulipotimia tangu Baba afe, watu walianza kumtaja Baba Mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake Baba, karani huko Same, mtu wa soksi ndefu na kalamu mfukoni. Kanisa halikupenda mjane arithiwe na shemeji yake, na mwinjilisti alilisema hilo kila mara, lakini ukoo ulikuwa na njia zake, na njia hizo zilikuwa za zamani kuliko kanisa. Kwa nini ukoo ulijali? Shamba letu lilikuwa zuri, tena lilikuwa na zamu ya maji. Kule kwetu maji ya mashamba hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo ambalo watu wamelichimba kwa mikono yao, na kila nyumba ina siku yake ya kufunguliwa. Mama akirithiwa, shamba na zamu vingekuwa mikononi mwa Baba Mdogo. Akikataa, watu wangeanza kuuliza ni vya nani.

Sasa, watu wetu hawakupenda kumwuliza mwanamke swali ambalo anaweza kulijibu kwa hapana. Walikuwa na namna nyingine. Kwetu mwenye jiko ndiye anayeonja kwanza kinywaji anachompa mgeni, kuonyesha kwamba hakina ubaya. Ilikuwa hivyo kwa dengelua, pombe yetu ya miwa, na chai ilipokuja ikafuata njia ileile. Na shemeji akileta kinywaji nyumbani kwa mjane, mjane akakipika, akakionja na kumpa kikombe hichohicho mbele ya wazee, basi mambo yamekwisha. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyejibu, na mwanamke ameolewa.

Baba Mdogo alikuja Jumapili baada ya ibada, jasho likimtiririka kwa ule mlima. Pamoja naye walikuwa Bibi, mama yake Baba, na Mzee Senzota, mkubwa wa ukoo, ambaye hakuipenda chai hata kidogo na alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili kama hakuna kinywaji cha wakubwa.

"Shikamoo, Baba," nilimwamkia Baba Mdogo.

"Marahaba, mama. Umekuwa mrefu kuliko mlango!" Akanipa mfuko niupeleke kwa Mama. Ulikuwa mzito. Ndani kulikuwa na kopo jekundu la bati na sukari, nyeupe, nyingi kuliko niliyowahi kuiona.

"Shemeji," alimwambia Mama, "hiyo si chai ya kupimiwa kwenye karatasi. Mwenye duka pale karibu na stesheni amenichanganyia mwenyewe. Iliki, mdalasini, karafuu kidogo. Wakubwa wa bomani ndiyo wanayokunywa."

"Wakubwa wa bomani wanakunywa, halafu wanatuongezea kodi," alisema Mzee Senzota. "Mimi nisingeinywa."

Nataka muelewe kwamba Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. Alitupenda. Alimlilia kaka yake kuliko mtu yeyote. Ingekuwa rahisi kusimulia haya kama angekuwa mlevi au mwenye mikono mizito, lakini hakuwa hivyo.

Mama alilipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru. Akaingia jikoni. Akabandika birika kwa ajili ya chai ya Baba Mdogo na, pembeni yake, chungu chetu cha mchaichai na tangawizi. Harufu ya lile birika ilijaza nyumba nzima. Ilikuwa kama mtu ameingia na nguo mpya. Naetwe aliacha kucheza, akaja kusimama mlangoni na mdomo wazi.

Mama akatoka na vikombe vya bati. Akamimina chai ya birika kikombe kimoja, akakiweka juu ya kigoda mbele ya Baba Mdogo. Akamimina ya chungu kikombe cha pili, akakiweka kando yake. Wote wakamtazama. Bibi alikuwa tayari ameshika pembe ya kanga yake, ameandaa kigelegele.

"Nakunda," Mama aliniita. "Njoo uonje."

Mzee Senzota akacheka. "Mtoto haonji, mama. Anayeonja ni mwenye jiko."

"Na huyu ni nani?" Mama aliuliza. "Jiko hili ni la baba yake. Onja, mwanangu. Kisha useme."

Nikapiga magoti. Nikaonja ya birika kwanza. Sijui niwaelezeje. Sukari ilitangulia, ikafuata iliki, halafu ule moto mdogo wa karafuu uliobaki chini ya ulimi nilipokwisha kumeza. Nilifumba macho bila kuambiwa. Kisha nikaonja ya chungu. Ilikuwa chai yetu, nzuri, ya kila siku, na baada ya ile nyingine ilikuwa kama maji ya kuoshea viazi.

"Ipi bora?" Mama aliuliza.

Nilijua. Nilikuwa na miaka tisa lakini nilijua wamekuja kwa nini. Tulikuwa tumenong'ona habari hiyo na wenzangu mtoni. Nilijua jibu la kumsaidia mama yangu. Nikafungua mdomo na ulimi ukafanya kama ulivyofundishwa.

"Ya Baba Mdogo," nikasema.

Bibi akapiga makofi. "Mtoto amesema! Haya, mkwe wangu, umesikia kwa masikio yako. Mtoto hana hila."

Baba Mdogo akatabasamu, si kwa majivuno, kwa ahueni. Akakisukuma kile kikombe taratibu kuelekea kwa Mama. "Basi, shemeji. Karibu."

Mama alikitazama kikombe. Alikitazama kwa muda ambao hata leo naweza kuupima.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Chai yako ni nzuri kuliko yangu. Mzee Senzota, usije ukasema huko kwamba Mama Nakunda hakujua kitu kizuri alipokiona. Nimekijua."

Akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha chungu, akakiinua, akakinywa chote mpaka chini bila kupumzika. Akakigeuza juu ya kigoda.

"Mimi nimekunywa," alisema. "Ninyi kunyweni."

Hakuna aliyekunywa. Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa kikombe cha Baba Mdogo na hakuna aliyemfukuza.

"Umeona nini kibaya kwa mwanangu?" Bibi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepasuka.

"Sijaona kibaya, Mama."

"Na maji? Siku ya zamu atakwenda nani ndivani? Utakwenda wewe, usimame na wanaume?"

"Nitakwenda mimi. Wakipiga baragumu la msaragambo kuita watu wote kazini, nitakuja na jembe langu nitoe matope kama wao. Zamu ni ya nyumba hii, na nyumba hii ina mtu."

"Mjeuri wewe," alisema Bibi.

"Ndiyo, Mama."

Baba Mdogo alisimama, akajifuta miguu ingawa haikuwa na vumbi. Mama alimrudishia kopo lake likiwa limefunikwa, na sukari, na juu yake fungu la ile tangawizi ya mawe. Alivipokea. Naetwe alilia kwa sauti alipoiona ile sukari ikiondoka, na ninaungama kwamba mimi pia nililia, ila nililia nyuma ya banda la mbuzi, kwa sababu nilidhani nimemuuza mama yangu kwa kijiko cha sukari.

Aliponikuta hakunibembeleza. "Ungesema uongo leo ndiyo ningekuchapa," alisema. "Ningekataa kwa jibu la uongo, wangesema nimedanganywa na mtoto. Inuka, mbuzi hawajanyweshwa."

Sitawaficha kilichofuata. Msimu ule zamu yetu ya maji ilirukwa mara tatu. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Mama alikwenda kwenye msaragambo, akasimama tumboni mwa ndiva, matope hadi magotini, na wanaume wakamcheka, wakamwita Bwana Shamba. Alichimba. Msimu wa pili wachache waliacha kucheka. Wa tatu, siku yetu maji yalifunguliwa bila mtu kuombwa. Lakini ile miaka miwili ilikuwa mirefu, na ada yangu ya shule ilikuwa humo ndani ya maharage yaliyokauka. Niliishia darasa la nne. Baba Mdogo alioa msichana wa Gonja, na watoto wake walisoma hadi wakawa wauguzi na walimu. Miaka mingi nilikuwa na hasira na Mama. Nilimwona mwanamke aliyekipa mgongo kitu kizuri kwa sababu ya kiburi, na bili ikaletwa kwangu.

Nilimwambia hivyo mara moja tu, nikiwa na wajukuu, yeye akiwa ameshakuwa mdogo kitandani kama mtoto. Nilimwuliza kwa nini hakuinywa. Nilitegemea aniambie kwamba hakumtaka Baba Mdogo, au kwamba aliwaza habari za Baba, au kanisa.

"Niliitaka," alisema. "Mwaka mzima sikuwa nimeonja sukari. Ulipofumba macho yako pale, mate yalinijaa kinywani. Hata yeye nilimtaka kidogo. Alikuwa na sauti ya baba yako."

"Sasa kwa nini, Mama?"

Alinigeuzia uso.

"Kwa sababu hakuna aliyeniuliza," alisema. "Waliniwekea kikombe."

Nilikaa pembeni yake nikiwa na darasa langu la nne mapajani, na hasira yangu ya miaka yote, nikatafuta pa kuishika na sikupaona. Nilikuwa nimeamini kwamba mtu hukataa kitu kibaya tu. Kibaya hata mbuzi hukikataa.